Uliza Biashara: Kompyuta inasema gunia 412, stoo kuna 371

Mbukwenyi wasomaji wangu wa Dodoma na Singida, na nyie wote mlioko mbali. Meseji za mwezi huu ni nyingi mno na nimezisoma zote, nyingine nimezisomea kwenye foleni nikiwa na mtoto mgonjwa mapajani, kwa hiyo kama nimechelewa kukujibu naomba unisamehe. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zingine maana ni tatizo la wengi, mtu ananunua programu akiamini amenunua msimamizi.

Shikamoo dada. Nina ghala hapa Kibaigwa, nanunua mahindi kwa wakulima nauza kwa wanaokuja na malori. Mwaka jana nilinunua programu ya stoo pamoja na kompyuta na printa, jumla milioni tatu na nusu, aliyeniuzia akasema wizi utaisha. Juzi kompyuta inasema nina gunia 412, tumehesabu kwa mkono tukapata 371. Nimemsimamisha mtunza stoo. Programu ni mbovu au huyu kijana ni mwizi? – Mwenye ghala, Kibaigwa

Marahaba mdogo wangu. Naomba umrudishe huyo kijana kazini leo leo, na nitakuonyesha kwa nini.

Nilikuomba unitumie picha za daftari la getini na la stoo, ukanitumia kurasa nane, nikakaa nazo usiku na kalamu. Kwenye daftari la getini kuna mistari imeandikwa tu gunia 30, gunia 22, alafu kuna mistari imewekewa herufi L pembeni, mfano huu hapa gunia 9 L, na chini yake kwa penseli kuna 12. Nikakupigia kuuliza hiyo L ni nini ukaniambia ni lumbesa, yaani mkulima amekuja na gunia limeshonewa kilemba juu, limebeba debe nane badala ya sita, sasa dada wa getini anazigeuza kwanza ziwe gunia za kawaida ndio anaingiza kwenye kompyuta. Lumbesa tisa ni debe 72, gawa kwa sita ni gunia 12, yuko sahihi kabisa huyo dada na hesabu anazijua. Lakini kijana wa stoo yeye kazi yake ni kuhesabu kilichopangwa ukutani, kwake gunia ni gunia, lenye kilemba na lisilo na kilemba vyote ni moja.

Ndio maana nikakuambia mkahesabu upya mkizitenganisha. Mkapata za kawaida 248 na lumbesa 123, jumla 371, sawa na alivyosema kijana. Sasa chukua hizo lumbesa 123 zidisha kwa nane, debe 984, gawa kwa sita ni gunia 164, jumlisha na zile 248 unapata 412, sawa na inavyosema kompyuta. Hakuna hata punje moja iliyoibiwa. Kijana wa watu amekaa nyumbani wiki mbili bila mshahara kwa sababu neno gunia lina maana mbili ndani ya ghala moja, na mimi hili limeniuma kwelikweli, manake najua mtaani Kibaigwa ukishaitwa mwizi wa stoo hakuna ghala lingine litakuchukua.

Sasa tuongee kuhusu hiyo programu. Watu wengi mkisikia mfumo wa taarifa mnaona kompyuta. Kompyuta ni kipande kimoja tu, mfumo ni watu wanaoandika, utaratibu wanaoufuata, data yenyewe, mashine na programu, vyote vitano kwa pamoja, na kimoja kikilegea vingine vinne haviwezi kukifichia aibu. Wewe ulinunua viwili vya mwisho ukaviacha vitatu vya kwanza kama vilivyokuwa. Programu imepokea ulichoipa ikakurudishia vizuri kwa printa, na karatasi iliyochapwa ina tabia ya kuaminika kuliko mtu, hapo ndipo hatari ilipo.

Kuna habari moja naipendaga sana. Mwaka 1951 huko Uingereza kampuni iliyokuwa inaendesha migahawa ya chai na kuoka mikate na keki, ikiitwa J. Lyons and Company, ndio ilikuwa ya kwanza kutumia kompyuta kwa kazi za kawaida za ofisi ya biashara. Kompyuta waliitengeneza wenyewe wakaiita LEO, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga hesabu za thamani ya bidhaa za bekari zao. Benki zilikuwepo na viwanda vya silaha vilikuwepo, ila waliotangulia ni wauza chai! Na siri yao ni kwamba kwa miaka mingi kabla ya hapo walikuwa na kitengo kazi yake ni kukaa na makarani kuangalia karatasi inatoka wapi inaenda wapi, nani anaiandika na ya nini, wakarekebisha kazi ya mkono kwanza. Kompyuta ilipofika ikakuta kazi iliyonyooka. Hicho ndicho ninachotaka ufanye wewe, na hakihitaji hela.

Anza na kipimo. Achana na gunia kwenye kumbukumbu, andika kilo, mzani umesema unao hapo getini na unautumia wakati wa kuuza, basi utumie na wakati wa kununua. Lumbesa yenyewe Wakala wa Vipimo wameikataza miaka yote na inamuumiza mkulima, kwa hiyo ukipima kwa kilo umejiponya mara mbili. Kilo 100 ya getini na kilo 100 ya stoo ni kitu kimoja, hakuna wa kugeuza kichwani kwake.

Alafu majina. Kwenye hizo kurasa nimekuta Mzee wa Pandambili, nikakuta Mzee P, nikakuta Babu Pandambili, ukasema wote ni mtu mmoja, na kwenye kompyuta wako watatu tofauti na kila mmoja anakudai kivyake. Siku moja utamlipa mara mbili au utamdhulumu bila kujua. Mwaka 1970 bwana mmoja aliyekuwa anafanya kazi IBM, Edgar Codd, aliandika namna ya kupanga data kwenye majedwali ambayo mpaka leo ndio msingi wa programu nyingi za biashara, na ukienda kujifunza kuyapanga utafundishwa jambo moja kila siku, kwamba habari moja ikae sehemu moja, na kila mtu awe na alama moja isiyofanana na ya mwingine. Kwa wakulima wako alama rahisi ni namba ya simu. Usimwingize mtu kwa jina, mwingize kwa namba alafu jina lifuate.

La mwisho kwako, anayepokea mzigo asiwe ndiye anayelipa, na anayelipa asiwe ndiye anayehesabu stoo. Na kuhesabu msisubiri mwisho wa mwezi, kila jumatatu chagueni rundo mbili tatu mzipime mlinganishe na kompyuta, tofauti ikitokea mnaikamata ikiwa ya siku saba, bado mtu anakumbuka. Ikiwa ya miezi mitatu kila mtu anabaki anamtazama mwenzake kwa jicho baya.

Habari dada. Nina duka la vifaa vya ujenzi barabara ya kwenda Ihumwa. Huku ujenzi ni kila siku, nauza mpaka nachoka, ila ikifika siku ya kwenda kuchukua saruji sina hela naenda kukopa. Mume wangu anasema kuna mkono wa mtu. – Mama Duka

Nzuri mama. Mkono wa mtu upo, na mwenye huo mkono anakuja dukani kwako akiwa na futi kamba mfukoni akisema mama niandikie.

Tupige hesabu ya kufikirika ila inafanana na yako. Tuseme jumatatu unanunua mifuko 200 ya saruji kwa 16,000, umetoa 3,200,000 taslimu maana wa jumla hakukopeshi. Unauza kwa 17,000, mauzo 3,400,000, faida laki mbili, safi. Sasa nusu ya hiyo mifuko wamechukua mafundi kwa ahadi ya mwezi, kwa hiyo mkononi una 1,700,000 na jumatatu inayofuata unahitaji tena 3,200,000. Pengo ni milioni moja na nusu. Unakopa. Wiki ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo, mpaka wiki ya nne inaisha mafundi wana 6,800,000 zako nje na wewe faida yako yote ya mwezi ni laki nane kwenye karatasi, bado riba ya ulikokopa. Na kadri unavyouza zaidi ndivyo pengo linavyokua, ndio maana unaona unachoka na hupati.

Faida na fedha ni ndugu ila hawalali nyumba moja mama. Faida ni tofauti ya bei ya kununua na kuuza, fedha ni kitu kilichopo kwenye droo na kwenye simu leo hii, na duka linaweza kufa likiwa na faida. Nimeshaliona. Nilipoanza biashara Majengo nilikuwa nauza unga na mchele kwa jumla, nikawa nawapelekea mzigo shule moja binafsi, walikuwa wateja wazuri wa maneno, wanaagiza kila wiki na wanasaini vizuri, nikajiona nimefika. Walikuja kunilipa baada ya miezi saba, wakati huo nilishauza friji ya nyumbani na pikipiki ili nisifunge. Vitabu vyangu miezi yote saba vilikuwa vinaonyesha faida.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe daftari unalo, ila la madeni umeliandika kwa majina tu. Lipange upya kwa umri. Ukurasa wa kwanza madeni ambayo hayajafika siku 30, ukurasa wa pili ya siku 30 mpaka 60, wa tatu yaliyopita hapo. Jina likihamia ukurasa wa tatu huyo hapewi hata msumari mpaka apunguze. Weka kikomo kwa kila fundi, na kwa mzigo mkubwa chukua nusu kwanza, mwenye nyumba anayejenga huwa anayo hela, fundi ndio anakuja kwako bila hela kwa sababu anajua utamwandikia. Na huyo wa jumla wa saruji, umeshanunua kwake mwaka mzima bila kukosa, nenda ukae naye muongee akupe hata siku saba za kulipa, siku saba tu zitabadilisha maisha yako kuliko mkopo wowote.

Alafu jilipe mshahara. Kiasi kimoja, tarehe moja. Hizi elfu kumi kumi za mboga na nauli na michango ya harusi zinazotoka kwenye droo hazionekani ila kwa mwezi ni pesa nyingi, na zinatoka kwenye saruji ya watu.

Mambo dada. Mimi nasoma UDOM, mwaka wa pili. Mwalimu anafundisha mkakati wa taasisi ila mi sioni tofauti ya mkakati na malengo, vyote ni maneno tu ya kuandika kwenye ripoti. Nisaidie kwa mfano wa kawaida. – Mwanafunzi, Ng'ong'ona

Poa mdogo wangu. Una mfano mlangoni kwako. Jioni hapo Ng'ong'ona pita uhesabu mabanda ya chipsi. Wote wana kabati la kioo, wote chipsi mayai, wote mishkaki, wote bei moja, na kachumbari ile ile. Muulize yeyote lengo lake atakwambia kuuza zaidi. Hilo ni lengo zuri na wote wanalo, ndio maana halimsaidii yeyote. Mkakati unaanza pale mmoja wao anapoamua atashinda kwa njia gani na kwa kufanya hivyo ataacha nini.

Michael Porter wa Harvard kwenye kitabu chake cha mwaka 1980 alisema njia za msingi ni tatu, uwe wa gharama ya chini kuliko wote, au uwe tofauti kiasi kwamba mtu anakubali kulipa zaidi, au ujifungie kwenye kundi dogo la wateja uwahudumie kuliko mtu mwingine yeyote. Sasa chukua banda la kwanza, anaamua gharama ya chini, basi ananunua viazi kwa gunia moja kwa moja, anakaanga kitu kimoja tu bila mayai bila mishkaki, foleni inaenda haraka, mafuta na mkaa anavipima. Banda la pili anaamua utofauti, viazi vinakatwa mteja akiona, kuku wa kienyeji wa Singida, pilipili yake mwenyewe, meza safi, bei juu. Banda la tatu anaamua wanafunzi wanaosoma usiku, anafungua saa tatu usiku mpaka saa tisa, anapeleka mpaka hosteli, mchana kalala.

Umeona kila mmoja kaacha kitu? Wa kwanza kaacha wanaopenda mayai, wa pili kawaacha wenye buku mbili, wa tatu kaacha mchana wote. Hapo ndipo pagumu na ndipo ripoti nyingi zinadanganya, unakuta taasisi imeandika itakuwa bora na nafuu na ya haraka na ya wote. Mwaka 1996 Porter huyo huyo aliandika makala akisisitiza kwamba mkakati ni kuchagua nini usifanye, na kwamba shughuli zote zishikane, kama huyu wa usiku, muda wake, pikipiki yake, menyu yake fupi na malipo kwa simu vyote vinasukuma upande mmoja. Banda la jirani likiiga pikipiki tu bila kulala mchana halitaweza, mwenyewe atasinzia kwenye karai.

Ukipewa swali la mtihani andika hivyo hivyo, weka na majina ya kitabuni, ila kabla ya kuandika kaa jioni moja hapo nje uwatazame wakifanya kazi.

Dada shikamoo. Tuna mashine ya kukamua alizeti Singida, mimi na mume wangu. Vijana wetu wanne hawasikii, ukiwatuma hiki wanafanya kile. Tuwafukuze? – Mama wa Mashine

Marahaba. Umeniandikia kwamba asubuhi wewe ulisema waanze na mzigo wa mteja wa nje, mzee akaja saa nne akasema wasimamishe wasafishe mashine, wewe ukarudi saa sita ukawakuta wamekaa ukawafokea. Mama, hao wanasikia sana, wanasikia watu wawili. Kuna mhandisi wa migodi wa Ufaransa, Henri Fayol, aliyeongoza kampuni ya madini miaka mingi alafu mwaka 1916 akachapisha kanuni 14 za uongozi, na mojawapo ni hii kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa bosi mmoja tu. Kaeni chumbani mgawane, mmoja mashine na vijana, mwingine manunuzi, wateja na hela. Ukiona kosa kwenye upande wa mwenzio mwambie yeye, usimwambie kijana. Jaribuni mwezi mmoja kabla hamjamfukuza mtu.

Kikundi chetu cha wakulima wa zabibu Hombolo kila msimu tunavuna wote pamoja na bei inashuka, wanunuzi wanatuambia tusubiri na zabibu zinaozea kwenye kreti. Tufanyeje? – Katibu wa kikundi

Katibu, hili linanigusa maana nimekulia kwenye harufu ya zabibu zilizoanza kuchacha, na najua ukimya wa mzee akirudi nazo nyumbani.

Nguvu kwenye soko lenu iko kwa mnunuzi na sababu ziko wazi, wao ni wachache nyie ni wengi, wao wanaweza kusubiri na zabibu haisubiri, na kiwanda kikikosa zabibu yako kinaweza kutafuta malighafi kwingine. Kulalamikia bei hakugusi hata sababu moja kati ya hizo. Guseni sababu zenyewe.

Ya kusubiri iguseni kwa kukamua. Zabibu ni ya siku chache ila mchuzi wa zabibu ukiwa kwenye matenki safi yenye ubaridi unawapa muda wa kuongea bei mkiwa mmekaa. Matenki ni ghali, mtu mmoja mmoja hawezi, ndio kazi ya ushirika hiyo. Kukausha nako kupo, ila jueni takribani kilo nne za zabibu mbichi zinatoa kilo moja tu ya zabibu kavu, kwa hiyo jaribuni kidogo kwanza na mpige hesabu kama bei ya kilo kavu inazidi mara nne ya kilo mbichi kabla ya kushangilia.

Ya kuvuna pamoja iguseni kwa kalenda. Mzabibu wetu wa hapa unazaa kufuata mlivyoupogoa, ndio maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kama kikundi kina daftari la nani kapogoa shamba lipi tarehe ngapi mnaweza kupanga mkapishana kwa wiki mbili tatu, mzigo ukaingia sokoni kidogo kidogo. Mvua ina ukungu wake kwa hiyo msijipangie tu kichwani, nendeni TARI Makutupora, kile kituo cha utafiti wa zabibu, wawaambie mnaweza kusogeza mpaka wapi. Na katika daftari hilo hilo wekeni kilo za kila mwanachama na kipimo cha sukari cha kila shamba. Siku mkienda kiwandani na ukurasa unaosema wiki ya kwanza tani kadhaa zenye sukari kiasi hiki, wiki ya tatu tani kadhaa, mnaongea na mtu wa manunuzi kwa lugha anayoitumia yeye kupanga kazi yake, na yeye naye anahitaji uhakika wa mzigo, ila msimu uliopita hamkumpa.

Dada nina duka la nguo Area C, nina namba za wateja kama mia sita kwenye simu, nataka niwe nawatumia meseji za ofa. Rafiki yangu pia ananiomba nimuuzie hizo namba. Ni sawa? – Mwenye duka

Kuwatumia wateja wako sawa, kama uliwaambia namba unaichukua kwa ajili hiyo na wakakubali, na anayesema asitumiwe tena umfute siku hiyo hiyo. Kuuza hapana. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na ina tume yake, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake, alikupa kwa ajili ya gauni lake. Wasiliana na hiyo tume wakuelekeze na kuhusu usajili, duka dogo nalo linakusanya taarifa.

Na zaidi ya namba, anza kuandika kila mteja alinunua nini na saizi gani. Meseji mia sita zinazofanana watu wanazifuta, ila mama wa saizi 18 ukimwambia saizi yake imefika anakuja na wifi yake.

Na ile karatasi uliyonitumia picha, yenye majina ya wanaokudai na unaowadai na simu zao, uliyobandika ukutani nyuma ya kaunta, ibandue kabla hujafungua kesho asubuhi.